Kinyozi Hajinyoi? Somo la Wembe wa Kukunja

(Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya somo kuanza, andika ubaoni maneno haya: wembe, makali, mgongo, mpini, kinoo, ukanda. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili. Tayarisha pia ukanda mmoja wa suruali, uwe wa ngozi ya kweli.)

MWALIMU: Wanakisomo wa Karagwe na Kyerwa, natumaini mmekwisha kuketi, na yule aliyechelewa shambani sasa amefika. Leo hatutazungumza juu ya kahawa wala migomba. Tutazungumza juu ya ndevu.

Msicheke. Swali limetoka kwenu wenyewe. Darasa moja la upande wa Kyerwa limetuandikia barua, nami nitaieleza kwa ufupi. Katika darasa hilo yumo kijana mmoja. Babu yake alipofariki, kijana alirithi sanduku, na ndani ya sanduku akakuta wembe wa zamani, ule wa kukunja, wenye mpini wa pembe. Kijana ameupenda sana, anataka kujifunza kuutumia. Wala si kwa ndevu zake tu. Anataka kuweka kiti chini ya mparachichi karibu na gulio, awanyoe watu kwa malipo, maana umeme wa pale hauna uhakika, na mashine ya kunyolea bila umeme ni mzigo tu.

Darasa limegawanyika. Wazee wanasema, "Mwacheni, ni kazi ya heshima." Kina mama wanasema, "Wembe mmoja kwa vichwa vyote? Hapana." Basi wanatuuliza: Je, yafaa mtu kujifunza kunyoa kwa wembe huo, au ni kujisumbua bure?

Jibu langu nitalitoa mapema, ili mtu asije akasinzia kabla hajalisikia. Kwa uso wake mwenyewe, kijana ajifunze kama ana subira. Kwa uso wa mtu mwingine, wembe ule usitumike hata mara moja. Sasa tuone sababu.

WEMBE HUU NI KITU GANI

Wembe wa kukunja ni wembe ambao bamba lake la chuma hulala ndani ya mpini, kama kisu cha mfukoni. Ukiufungua utaona pande mbili. Upande mmoja ni mnene, nao twauita mgongo. Upande wa pili ni mwembamba kuliko karatasi, na hayo ndiyo makali. Kati ya mgongo na makali, chuma kimechimbwa kidogo huku na huku, hata kimekuwa chembamba. Aliyebuni umbo hilo alikuwa na akili. Unapoulaza wembe juu ya kinoo, mgongo na makali hugusa jiwe kwa pamoja, basi mwinamo wa kunolea haubadiliki. Panga halina msaada huo. Panga hunolewa kwa jicho na mazoea.

Chuma chake si chuma cha msumari. Ni chuma cha pua, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, kile kitu kilichomo katika makaa. Chuma hicho kikipashwa moto mkali, kisha kikatumbukizwa majini au katika mafuta mara moja, huwa kigumu sana. Halafu hupashwa tena kwa moto mdogo, ili kisivunjike kama kigae. Ugumu huo ndio unaoshika makali. Likumbukeni jambo hili, maana litarudi tutakapofika kwenye habari ya kibiriti.

Watu wa mkoa wetu si wageni katika kazi ya chuma. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika kwamba watu wa upande huu wa magharibi wa Ziwa Viktoria waliyeyusha chuma chenye kaboni zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, kwa tanuru za udongo, makaa na mivukuto. Na huko Bweranyange, katika hazina ya wafalme wa Karagwe, walikuwamo hata ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Wahunzi wa nchi hizi za Maziwa Makuu waliofua majembe na mikuki walifua na nyembe pia.

Lakini wembe wa kukunja, kama huu wa kijana, ulikuja kutoka Ulaya. Miji iliyosifika kwa kuzitengeneza ni Sheffield ya Uingereza na Solingen ya Ujerumani. Kijana atazame pale chuma kinapoingia kwenye mpini, huenda atakuta jina la mji limegongwa. Hilo litakuwa zoezi zuri la kusoma.

Halafu mwaka 1903 Mmarekani mmoja, King Camp Gillette, alianza kuuza wembe mwembamba wa kutupwa, unaofungwa ndani ya kifaa kidogo cha mkononi. Ndio wembe tunaoujua sote, ule wa dukani uliofungwa kwa karatasi, ambao fundi cherehani hukatia uzi na mtoto wa shule huchongea penseli. Wembe huo haunolewi. Ukiwa butu, unatupwa. Tangu hapo wanaume wengi wa dunia waliacha kunoa, na ufundi ukabaki kwa vinyozi.

MAZUNGUMZO NA KINYOZI

MWALIMU: Wahenga walisema, "Kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata." Leo ninaye hapa mgeni, mzee aliyeanza kazi ya unyozi mwaka 1970. Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, Mwalimu. Hamjambo huko mnakosikiliza.

MWALIMU: Hatujambo. Mzee, je, methali ni ya kweli?

MZEE: Ni ya kweli kwa kichwa, maana kisogo chako hukioni. Kwa ndevu si kweli. Mimi hujinyoa mwenyewe kila Jumamosi jioni. Lakini kujifunza kulinigharimu damu.

MWALIMU: Ulijifunza wapi?

MZEE: Bukoba, kwa mzee mmoja aliyekuwa na kiti chini ya mti. Nilidhani siku ya kwanza atanipa wembe. Alinipa ufagio. Nilifagia nywele wiki tatu. Kisha akanipa ukanda wa ngozi na wembe uliokwisha kuharibika, akaniambia, "Sugua." Nikasugua mwezi mzima.

MWALIMU: Kusugua kwenye ukanda ndiko kunoa?

MZEE: Hapana, na wengi hukosea hapo. Kunoa ni kwenye kinoo, jiwe laini lenye maji. Pale chuma huliwa. Mtu anayejinyoa mwenyewe hunoa mara chache tu kwa mwaka. Ukanda haunoi. Ukanda hunyoosha makali. Ukinyoa, makali hupinda kidogo sana, hata jicho halioni. Ngozi huyarudisha yakasimama sawa. Kwa hiyo kila kabla ya kunyoa unasugua, mara thelathini hivi kwenda na kurudi.

MWALIMU: Wanakisomo, mwalimu wenu anao ukanda. Mzee, waeleze mkono unavyokwenda.

MZEE: Funga ukanda kwenye msumari ukutani, uvute hadi ukaze. Laza wembe, mgongo na makali vyote vimelala juu ya ngozi. Wembe hutangulia kwa mgongo, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho, geuza wembe juu ya mgongo wake, kamwe usiugeuze juu ya makali, halafu urudi. Kwenye kinoo ni kinyume chake, makali ndiyo hutangulia. Ukisahau ukatanguliza makali kwenye ngozi, umekata ukanda na umeharibu wembe kwa kosa moja.

MWALIMU: Na siku ulipopewa uso wa mtu?

MZEE: Kabla ya mtu nilipewa puto. Puto lenyewe la watoto, limejazwa pumzi, limepakwa povu la sabuni. Uondoe povu lote bila kulipasua. Nilipasua mengi, Mwalimu. Kila likilia "pwaa!" watu wa kituo cha basi walicheka. Lakini puto hufundisha jambo moja, kwamba wembe hautaki nguvu. Ukiona unasukuma, basi wembe ni butu au mwinamo ni mbaya.

MWALIMU: Mwinamo gani ndio mzuri?

MZEE: Laza wembe kabisa kwenye shavu, kisha inua mgongo kidogo, nafasi ya unene wa mgongo mara mbili hivi. Ukiinua zaidi unakwangua ngozi. Ukilaza mno unang'oa nywele. Mkono wa pili kazi yake ni kuikaza ngozi iwe tambarare. Na wembe uende mbele tu, kwa hatua fupi fupi. Usiuteleze kwa ubavu kama mtu akataye nyanya. Hapo ndipo watu wanapojikata vibaya.

MWALIMU: Na maji?

MZEE: Maji kwanza! Hata methali inasema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Watu huichukua kama onyo la shida, lakini kwetu vinyozi ni mafundisho ya kazi. Udevu mkavu ni kama waya. Ukikaa na maji ya moto kidogo dakika mbili tatu, hunywa maji, hulainika, wembe hupita bila kuvuta. Halafu sabuni yenye povu zito.

MWALIMU: Anayeanza aanze wapi?

MZEE: Aanze na mashavu peke yake. Wiki mbili za kwanza asiguse kidevu wala mdomo wa juu, hapo pana vilima na mabonde. Sehemu iliyobaki amalizie kwa wembe wake wa kawaida. Akifuata hivyo, mwezi wa pili atakuwa ananyoa uso mzima. Mwenye haraka aache tu.

MWALIMU: Baada ya kunyoa?

MZEE: Suuza, futa, kausha sana, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Huku kwetu mvua zikianza, chuma cha pua hushika kutu usiku mmoja. Nimeona nyembe nzuri zimekufa kwenye sanduku, si kwa kazi bali kwa unyevu. Huyo kijana atazame makali ya wembe wa babu yake juani. Akiona vishimo vya kutu mpaka kwenye makali, au ufa mdogo, autundike ukutani kama kumbukumbu. Asijinyolee.

VIPELE VYA NDEVU

MWALIMU: Kabla hatujaendelea, liko jambo ambalo vijana wengi huniuliza. Mtu ananyoa vizuri, siku mbili baadaye shingo imejaa vipele. Husema, "Wembe ulikuwa mchafu." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi sababu ni umbo la udevu wetu.

Udevu wa Mwafrika aghalabu hujikunja. Ukikatwa karibu sana na ngozi, ncha yake huwa kali kama mkuki, kisha hukua kwa kujipinda na kurudi kuchoma ngozi. Mwili huuona kama mwiba. Hapo hutokea kipele, na mtu akinyoa juu ya kipele hukikata, kikaacha alama nyeusi au kovu. Wembe wa kukunja, kwa kuwa hunyoa karibu mno, waweza kuzidisha tabu hiyo. Mwenye vipele afanye haya: anyoe kwa kufuata udevu unakolalia, asirudie sehemu moja mara nyingi, wala asiikaze mno ngozi ya shingoni. Kama vipele haviishi, bora aache ndevu fupi kwa mashine au mkasi. Kwa mtu kama huyo, jibu la swali letu ni rahisi: wembe wa kukunja haumfai, hata akiwa fundi.

TUFANYE HESABU

Sasa chukueni kalamu. Watu husema wembe wa kukunja huokoa fedha kwa kuwa haununuliwi kila mara. Tusiamini mpaka tuhesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano. Kila darasa liweke bei ya duka lake.

Tuseme wembe mmoja wa dukani ni shilingi 200, nao unakutosha kunyoa mara 3. Unanyoa mara 3 kwa wiki. Basi unatumia wembe 1 kila wiki, nyembe 52 kwa mwaka.

52 × 200 = shilingi 10,400 kwa mwaka.

Tuseme tena kwamba wembe mpya wa kukunja ulio mzuri, pamoja na kinoo na ukanda, ni shilingi 300,000.

300,000 ÷ 10,400 = karibu 29.

Yaani miaka 29! Kijana wa miaka 25 atarudisha fedha yake akiwa na miaka 54. Hapa hakuna faida. Anayenunua wembe huo anunue kwa kuupenda, kama mwingine anavyonunua saa.

Lakini kijana wetu hakununua wembe, amerithi. Anahitaji kinoo laini na ukanda tu. Tuseme ni shilingi 40,000. Ukigawa kwa 10,400 utapata karibu miaka 4. Na kama alikuwa akienda kwa kinyozi kila wiki kwa shilingi 1,500, basi shilingi 40,000 zitarudi kwa wiki 27 hivi, kama nusu mwaka. Mnaona? Wembe ni ule ule, kinachobadilika ni kile unachoulinganisha nacho.

(Kwa mwalimu wa darasa: Zima redio dakika tano kama una kaseti au simu yenye somo hili. Wanafunzi wafanye hesabu hii kwa bei za kwao.)

DAMU

MWALIMU: Mzee, sasa tuseme lile ambalo uliniambia nje kabla ya kuingia hapa.

MZEE: Nitalisema, Mwalimu, ingawa si rahisi. Zamani, kabla hatujajua mambo, niliitwa kwenye msiba. Mnajua katika makabila mengi jamaa hunyolewa nywele baada ya maziko. Niliwanyoa watu 14, wakubwa na watoto, kwa wembe mmoja. Kati ya kichwa na kichwa nilisugua kwenye ukanda. Nilijiona hodari kwa sababu nilimaliza kabla ya jua kuzama. Watu wawili walitoka damu, nikawapaka jivu kidogo.

MWALIMU: Baadaye?

MZEE: Baadaye ile miaka ikaja. Wakafa wengi, wa msiba ule na wasiokuwa wa msiba ule. Siwezi kusema ni wembe wangu. Wala siwezi kusema si wembe wangu.

MWALIMU: Ahsante, mzee. Wanakisomo, ile miaka mnaijua. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, katika mkoa wetu huu wa Kagera. Nami sina budi kusema kweli yote, tusije tukaogopa kitu kimoja na kusahau kingine. Virusi vya UKIMWI viliwapata watu wengi zaidi kwa njia ya kujamiiana. Vikiwa nje ya mwili, katika damu iliyokauka, hupoteza nguvu. Kwa hiyo wembe haukuwa njia kuu. Lakini wembe wenye damu mbichi, uliotoka kichwa cha huyu sasa hivi na kuingia kichwa cha yule, ni jambo jingine. Njia hiyo ni nyembamba, ila ipo.

Njia pana zaidi ni ya homa ya ini aina ya B. Virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata katika damu kidogo isiyoonekana kwa macho. Mwenye ugonjwa huo huenda asijue, akawa na afya njema miaka mingi, huku ini lake likiharibika. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwaka 2002. Basi wengi wa ninyi mnaonisikiliza, mliozaliwa kabla ya hapo, hamkupata chanjo hiyo utotoni. Mwenye kutaka kupimwa au kuchanjwa aulize katika hospitali, mathalani Nyakahanga au Isingiro. Na tusisahau mapunye ya kichwani, ambayo hayaui lakini hupita kwa urahisi kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine.

Kijana atauliza, "Je, nikiusafisha wembe kati ya mtu na mtu?" Swali zuri. Tutazame njia moja moja.

Kuupangusa kwa spiriti haraka haraka hakutoshi kuwa na hakika, hasa kama damu imeshikamana kwenye maungio ya mpini. Dawa ya klorini huua virusi, lakini hula chuma cha pua, na makali huondoka. Kuuchemsha kwa dakika 20 huua virusi hivyo, lakini mpini wa pembe hauwezi kuvumilia, utapinda na kupasuka, na kutu itaingia kwenye msumari wake. Tena nani atachemsha dakika 20 kwa kila mteja, siku ya gulio, foleni imefika barabarani?

Na kibiriti? Wengi huupitisha wembe motoni wakidhani wametakasa. Mzee, ulipata kufanya hivyo?

MZEE: Niliuharibu wembe wa Solingen kwa njia hiyo. Makali yaligeuka rangi, yakawa ya buluu. Tangu siku ile haukushika makali tena.

MWALIMU: Sasa mnakumbuka niliyoyasema juu ya ugumu wa chuma. Makali ni membamba, hupata moto kwa sekunde chache, na ule ugumu aliouweka mhunzi hutoka. Wembe uliochomwa unabaki na sura ya wembe tu.

Liko na jambo la ukanda. Ukanda wa ngozi hauchemshiki. Damu ya mteja wa kwanza hukaa juu yake, ikampata wa tano. Mzee aliposugua pale msibani, alikuwa akirudisha kwenye wembe kile alichodhani anakiondoa.

KIJANA AFANYE NINI

Hivyo basi, kina mama wa lile darasa wamesema kweli, na wazee nao hawakukosea kusema ni kazi ya heshima. Kazi ibaki, wembe ubadilike.

Kuna kishikio cha kukunja kinachofanana kabisa na wembe wa babu, lakini mahali pa makali pana nafasi ya kutia wembe wa dukani. Unauvunja wembe katikati kwa urefu ukiwa bado ndani ya karatasi yake, usije ukakata vidole, na kila nusu ni ya mteja mmoja. Mteja akiketi, anaona karatasi ikifunguliwa mbele ya macho yake. Akiinuka, ile nusu inatupwa. Mkono unafanya kazi ile ile aliyoieleza mzee: maji, povu, kukaza ngozi, mwinamo, hatua fupi. Kwa hiyo ufundi haupotei. Kinachoachwa ni kunoa na ukanda tu.

Tuhesabu tena. Wembe wa shilingi 200 unatoa nusu mbili, basi kila mteja anakugharimu shilingi 100. Ukimnyoa kwa shilingi 1,000, umebakiwa na 900, ukitoa sabuni na maji. Shilingi mia moja ndiyo gharama ya kumlinda. Kinyozi anayesema ni ghali, mteja na amwulize anachoogopa ni nini.

Kishikio chenyewe nacho kioshwe kwa maji na sabuni, kisha kiloweshwe katika spiriti au dawa baada ya kila mteja. Mikono pia. Nyembe zilizotumika zisitupwe jalalani wala shambani kwenye migomba, watoto na wapaliliaji huzikanyaga. Chukua kopo lenye kifuniko, toboa mwanya mdogo juu, uzitie humo. Kopo likijaa, peleka kwenye zahanati, waulize kama watalipokea pamoja na taka zao zenye ncha kali.

Kwa misiba, nawaomba wenye mji wafanye jambo dogo. Wanaponunua sukari na chumvi ya matanga, wanunue na nyembe kwa hesabu ya vichwa. Vichwa 14, nyembe 14. Msiba hauna nafasi ya mtu kusimama na kukataa wembe wa mwenzake, maana ataonekana anatukana jamaa. Basi wembe wa kila mtu uwepo tayari, ili asilazimike kukataa.

Na wembe wa babu? Huo ni wa kijana peke yake. Asimwazime ndugu yake, asimwazime hata baba yake. Kabla ya kuutumia auoshe kwa sabuni, aupanguse kwa spiriti, kisha aupeleke kwa mtu ajuaye kunoa. Mzee, kijana akikutafuta, utampokea?

MZEE: Nitampokea. Asinoe kwenye jiwe la mapanga, ataniletea msumeno. Aje nao kama ulivyo. Aje na ukanda wa ngozi, si ule wa plastiki wa dukani. Na aje na maputo, mawili hayatoshi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika nyumba yako kuna watu wangapi wanaonyoa, na kuna nyembe ngapi?

2. Mara ya mwisho uliponyolewa kwa kinyozi, je, uliona wembe ukitolewa katika karatasi yake? Kama hukuona, ulisema nini?

3. Andika sentensi tatu za kumwambia kinyozi abadilishe wembe, bila kumvunjia heshima. Msomeane kwa zamu.